Chaute Mbili za Obdulia

Crescencio Rocha, ambaye hata padri alimwita Chencho, alikuwa mchimba visima. Wala usidhani mchimba visima wa hivi hivi. Kwa maneno yake mwenyewe, hakuna maji yaliyolala chini ya kijiji cha El Salitre ambayo hayakumjua kwa jina. Alishika sururu miaka thelathini na minane, akafukiwa mara mbili na mara mbili akafukuliwa, na mguu mmoja ukabaki mfupi kidogo, jambo alilolieleza kila siku kivyake: leo jiwe, kesho nyoka, keshokutwa mume wa mtu mwenye wivu. Shule aliiacha darasa la tatu. Alisema mwalimu ndiye aliyeishiwa la kufundisha.

Mkewe Obdulia hakuchimba kitu. Yeye alipanda, na alichopanda kilimchekesha Chencho kwa miaka kumi na minane. Kilikuwa chaute, dungusi isiyo na miiba wala kimo, inayojibanza ardhini kama jiwe la kijivu lililopasuka kwa umbo la nyota. Mbegu yake ukiiweka kiganjani na ukapiga chafya, imekwenda. Obdulia alipata mbegu mia moja zama zile kikundi cha akina mama kilipopewa kibali cha kuotesha, ili watu waache kung'oa za mlimani. Alichekecha kokoto za chokaa, akauchoma udongo kwenye tanuri ya mikate kuua ukungu, akapanda, akafunika trei kwa plastiki. Mwaka wa kwanza kila mche ulikuwa sawa na kichwa cha pini. Mwaka wa tano, kifungo cha shati. Wenzake wakachoka, wakafuga kuku. Yeye akabaki peke yake chini ya wavu wa kivuli, na miche ishirini na sita iliyosalimika.

"Mke wangu analea mawe," Chencho aliwaambia wanaume wenzake pale dukani. "Ukimuuliza yatakua lini, anakwambia punguza sauti, utayashtua."

Wanaume wakacheka, naye akacheka kuwazidi.

Sasa Obdulia alikuwa na desturi ya kuzungumzia chaute zake wakati wa kula, na Chencho alikuwa na desturi ya kumsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Jioni moja ya Agosti alimwambia, macho yakimng'aa, "Chencho, mbili zimetoa sufi katikati. Zile kubwa za mstari wa mbele. Mwaka huu zitachanua, na zitachanua pamoja."

"Mm."

"Moja peke yake haizai. Inataka unga wa ua la mwenzake. Nikipata mbegu zangu mwenyewe, Chencho, sitamwomba mtu tena mpaka nife. Unasikia?"

"Nasikia. Nipe pilipili."

Wiki ya tatu baada ya hapo Obdulia alikwenda mjini kung'oa jino. Chencho, aliyebaki na njaa na ujuaji, alibeba chungu cha maharage kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwanaume aliyewahi kupandisha ndoo za mawe habebi chungu kwa mikono miwili. Chungu kikamponyoka. Kilikuwa cha marehemu mama mkwe wake, na kipande kama kiganja kikabanduka ubavuni.

Hakutetemeka. Bibi yake mzaa baba alikuwa akiunga vyungu kwa utomvu wa chaute: unaikata, inatoa ute unaonata kuliko gundi yoyote, unapaka, unafunga kwa kamba, unaanika juani. Kila mzee wa milima ile analijua hilo. Na chaute si zilikuwepo uani, ishirini na sita? Moja tu, nani angeihesabu? Akachagua kubwa, kwa hesabu kwamba kubwa ndiyo yenye ute mwingi, akaing'oa na mzizi wake mnene kama figili, akaikata vipande. Chungu kikashika barabara. Mpaka Obdulia anarudi na shavu limevimba, maharage yalikuwa yanachemka, na Chencho alikuwa akijisifu moyoni.

Asubuhi alimkuta mkewe amechuchumaa chini ya wavu, kiganja chake kimefunika shimo dogo la mstari wa mbele. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa tu hivyo, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Ndipo maneno ya jioni ile ya Agosti yakamrudia Chencho, yote, moja baada ya jingine, hata lile la pilipili.

"Mbuzi!" akasema. Mdomo ulitangulia, kichwa kikafuata. "Mbuzi wa Herculana! Jana niliwaona wakizurura hapa."

Herculana alikuwa jirani wa ukuta mmoja, tena mama wa ubatizo wa binti yao. Obdulia alikwenda kwake na leso ya jino ingali shavuni.

"Mbuzi wangu ale chaute?" Herculana akang'aka. "Shoga, kitu kichungu kile? Mbuzi wangu wana akili kuliko mumeo!"

"Chencho amewaona."

"Kawaona kwa macho gani? Yale yanayoona nyoka kisimani?"

Walirushiana maneno mpaka mbwa wakakimbia. Siku nne hawakusalimiana. Siku ya tano Herculana alikuja mlangoni akimvuta kwa kamba mbuzi wake mkubwa, aliyemwita Malkia.

"Huyu ndiye mzururaji," alisema. "Kama amekula chako, basi na yeye aliwe. Sitaki kuzeeka tumenuniana kwa ajili ya mbuzi."

Chencho alifumbua mdomo. Angeweza kusema pale pale. Kamba ilikuwa mkononi mwa Herculana, kisu kilikuwa bado jikoni, na mbuzi alikuwa anamtazama yeye, naapa, yeye tu. Akaufumba.

Wakampika Malkia shimoni, amefungwa kwa majani ya katani pori, usiku kucha. Kesho yake wakala pamoja, wanawake wakicheka tena, na Chencho akapewa paja kwa heshima yake. Alitafuna kila tonge kama anatafuna kamba. Walipomuuliza vipi, akasema chumvi kidogo.

Tangu siku hiyo alikonda. Dukani hakwenda, na alipokwenda hakuwa na hadithi ya mguu. Alianza kukaa karibu na wavu, akiuliza maswali ambayo angepaswa kuyauliza miaka kumi na minane nyuma: maji unaweka lini, kwa nini trei unainywesha kwa chini. Obdulia akadhani ni uzee.

Mwishoni mwa Oktoba, saa sita mchana, chaute iliyobaki ikafungua ua. Lilikuwa jeupe, pana kuliko chaute yenyewe, limejitokeza kutoka kwenye sufi. Obdulia alikuwa ameshanunua brashi ndogo ya rangi za watoto tangu Agosti. Chencho alimkuta amepiga magoti, brashi mkononi, analitazama ua bila kuligusa. Hakuwa na ua la pili la kuchovya brashi wala la kuipeleka. Alikuwa ameishika tu.

"Ni mimi," Chencho alisema.

"Nini?"

"Niliikata mimi. Nilivunja chungu cha mama, nikakiunga. Mbuzi hakuwahi kukanyaga hapa."

Obdulia hakugeuka. Chencho alitamani atukanwe.

"Uliichagua kubwa," alisema.

"Ina ute mwingi."

"Miaka kumi na minane, Chencho. Hukunisikia hata siku moja?"

Jibu lilikuwepo, lakini lilikuwa baya.

Obdulia akasimama, akamtia brashi na bahasha mkononi. "Hili litafungua siku tatu tu, nne likijitahidi. Zilizobaki mlimani nazo zinachanua sasa. Nenda ukalete unga. Ukirudi na chaute badala ya unga, usiingie nyumba hii."

"Na wakinikamata? Za mlimani zimekatazwa."

"Nyuki anachukua kila siku, nani kamkamata?"

Siku ya kwanza alifika mlimani jioni, saa ambayo maua hujifunga. Siku ya pili aliondoka alfajiri, mguu mfupi ukilalamika kwenye kokoto, na akapitia mtelemko mzima bila kuona kitu ila mashimo. Mashimo aliyajua vizuri kuliko mtu yeyote. Hili la chepeo, hili la bisibisi, hili limechimbwa na mtu mwenye haraka. Katika lile moja mzizi ulikuwa umekatikia ndani, kwa pigo moja, kama alivyokata yeye. Akaketi kando yake, akavua kofia.

Karibu na saa saba aliiona moja kwenye ufa wa jiwe, ua limefunguka. Mkono wake wa kulia, nisikufiche, ulianza wenyewe kupima udongo: dakika mbili, mzizi mzima, mke atafurahi. Akaukalia ule mkono. Ndani ya ua palikuwa na nyuki, na Chencho, ambaye hajawahi kumpisha mtu dukani, akasubiri mpaka nyuki amalize. Kisha akalala kifudifudi, akachovya brashi, akaikung'uta ndani ya bahasha.

Alishuka akikimbia, kama kuchechemea kule kunaweza kuitwa kukimbia. Ua la nyumbani lilikuwa limeanza kujikunja. Obdulia alipokea bahasha, akapaka katikati ya ua mara tatu, polepole, akafunga bahasha.

"Sasa nenda kwa Herculana."

"Leo?"

"Leo."

Herculana alikuwa anakamua. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha chuchu.

"Malkia alinipa maziwa miaka sita," akasema.

"Najua."

"Na wewe ulikula paja."

"Nilikula."

"Ukasema chumvi kidogo."

"Nilisema."

Herculana alimtazama juu mpaka chini. "Hata tusi lako silijui, Chencho. Ngoja nilitafute." Akamgeuzia mgongo, na miezi yote ya baridi akawa anampita njiani kana kwamba ni nguzo.

Tunda la chaute hujificha ndani ya sufi, halionyeshi kama lipo. Ilibidi wangoje mpaka Machi. Siku ambayo Obdulia alichukua kibano na sahani nyeupe, alimwita Herculana ukutani. Chencho hakuitwa. Alisimama nje ya wavu, kofia mkononi, akiitazama migongo miwili iliyoinama juu ya chaute moja.

"Limekauka," Herculana alisema.

"Subiri. Shika sahani."

Kisha kitu kikalia kwenye sahani, kidogo sana, kama mchanga unaodondoka.

"Zipo," alisema Obdulia.

"Zipo nyingi, shoga! Usihesabu kwanza, usipumue."

Chencho akashika ukingo wa wavu. "Niingie?"

Wanawake hawakuinua vichwa.

"Bado," alisema Obdulia.

Naye akabaki amesimama pale pale, juani.