Mwalimu Anarkul Akwama Ubaoni

Kwa miaka ishirini na sita Anarkul alifundisha hesabu kijijini karibu na mji wa milimani wa Kochkor, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akifuta kosa lake ubaoni. Hilo lilikuwa fahari yake. Kalamu yake nyekundu iliogopwa kuliko baridi ya Januari.

Kisha, majira fulani ya baridi, msichana Begimai wa darasa la saba aliacha kuja shule. Wiki iliyotangulia alikuwa amekosea ubaoni, darasa zima likaangua kicheko, na Anarkul mwenyewe akasema, "Hata kondoo wangu wangeliona hilo." Alilisema kwa utani. Mtoto alirudi kwenye dawati, akachana kurasa za daftari lake moja baada ya nyingine, polepole, bila kulia.

Siku ya nne Anarkul alikwenda kwao. Bibi yake Begimai alimkaribisha karibu na jiko, akamwekea bakuli la chai ya maziwa, mkate na krimu.

"Yuko zizini," bibi alisema. "Anasema yeye ni mjinga, basi atakaa na wenzake kondoo. Nani kamwambia neno hilo, binti yangu?"

Anarkul alirudisha bakuli la chai chini.

"Mimi, mama."

Bibi hakumgombeza. Alimsogezea mkate tu. "Basi mrudishe wewe."

Zizini Anarkul hakuhubiri. Alisema, "Nimekutania vibaya. Nisamehe. Kesho njoo, nina swali linalonishinda."

"Mwalimu hashindwi," Begimai alijibu bila kugeuka.

"Njoo uone."

Alikuja, akakaa nyuma kabisa. Anarkul alichora pembetatu ndani ya duara, swali la mashindano ya hesabu lililokuwa limemtoa jasho tangu vuli. Aliandika mistari sita, akasimama. Akafuta. Akaanza upya, akakwama tena, kengele ikalia.

"Sijui," aliwaambia. "Tutaendelea kesho."

Watoto walitazamana kana kwamba paa limeondoka.

Siku ya pili mambo yalikuwa yale yale. Mwalimu mkuu msaidizi, Turdukan, alimvuta pembeni ukumbini. "Dada, unajivunjia heshima! Wazazi watasema umezeeka."

"Kuzeeka nimezeeka. Waache waseme."

Usiku huo alijuta kidogo, lakini asubuhi akachora duara lile lile. Alikuwa kwenye mstari wa tatu aliposikia sauti nyembamba kutoka nyuma.

"Mwalimu, hizo pembe mbili, nani kasema ziko sawa?"

Anarkul aliangalia. Hakuna aliyesema. Alikuwa ameziamini kwa macho tu, tangu vuli.

"Njoo utuonyeshe."

Begimai alikuja, akaikandamiza chaki hadi ikakatika. Aliandika mistari miwili sawasawa, wa tatu akakosea. Kijana mmoja akaanza kucheka, akakumbuka mwalimu alikuwa amefuta mara ngapi, akanyamaza. Begimai akafuta kwa kiganja, akasimama palepale akifikiri. Jibu lilipatikana Ijumaa, na walilipata watu watano, kila mmoja kipande chake.

Tangu hapo Anarkul alianza kila Jumatatu na swali asilojua jibu lake. Baadhi ya wazazi walinung'unika kweli, na alama za darasa hazikupanda kwa muujiza wowote.

Mwezi Aprili Begimai alikwenda mashindano ya wilaya, akawa wa kumi na nne kati ya ishirini. Anarkul alimpokea barabarani, matope yakiwa hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Swali la nne lilinishinda," mtoto alisema akitafuna andazi. "Nililikalia muda mrefu mpaka nikataka kutoka nje."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda la tano. Hilo nalo likanishinda, ila si sana."

Anarkul akacheka hadi akashika ubavu. Akamchukulia mkoba, wakapanda mlima pamoja, Begimai akimchorea hewani kwa kidole umbo la lile swali la nne.