Soksi ya Mguu wa Kushoto

Zeleke hakuwahi kununua soksi bila kuzigeuza ndani nje. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa vidoleni, taratibu, macho kayafumba, kisha akavuta kauzi kamoja kwa meno na kukatema. Wauzaji wa mitumba pale Adisi Ababa walimchukia kweli.

"We Mdorze, unanunua soksi au unaoa?" mmoja alimwuliza siku moja. Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, lakini soksi hakununua. Alisema mshono ule ungemchuna kabla ya kilomita ya kumi. Kwa mambo ya uzi sikuwahi kumwona akikosea.

Alikuwa wa kabila la Wadorze, mtoto wa mfumaji kutoka milima ya Chencha. Kwao wanaume hukaa ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia ndani, wakikanyaga vijiti vya kitanda cha kufumia tangu asubuhi hadi jua lizame. Zeleke alikanyaga vijiti hivyo mpaka akatimiza miaka ishirini, akaja mjini kukimbia. Mimi Gadisa ni mtoto wa wakulima wa Arsi, na sisi wenye mashamba tuna tabia mbaya ya kuwadharau wafumaji. Nilimtania mwaka mzima. Naye akanipikia uji wa shayiri mwaka mzima, mpaka nikaona haya. Tukapanga chumba kimoja Sululta, kitanda kimoja, sahani moja.

Huku mtu akila peke yake anatazamwa vibaya kuliko mwizi. Akikimbia peke yake ni hivyo hivyo, watu watasema ana jambo analificha. Kwa hiyo Kocha Yirga alipotuambia sisi wawili tuache mbio fupi, tujiandae kwa maratoni yetu ya kwanza, tulijiandaa kwa miezi saba bila kuachana. Msituni tulipita katikati ya mikaratusi kwa mstari mmoja, kila mtu akikanyaga alipokanyaga aliye mbele yake. Wa nyuma hatazami miti wala ndege. Anatazama miguu ya mwenzake, na akiona kamba imelegea, au jiwe, au damu, ni juu yake kusema.

"Ukiona, sema!" Kocha alifoka kila asubuhi. "Asiyesema simtaki kwenye kundi langu."

Soksi nzuri zilitufikia kwa mkono wa Worku, mwenzetu aliyetoka kushindana Ulaya. Anayerudi kutoka nje sharti agawe, hata kama ni kofia tu. Alipofika kwetu mkobani ilibaki pea moja.

"Nyinyi si mtu na mkewe?" akasema. "Haya, gawaneni."

Zilikuwa nyepesi, sufu imechanganywa na uzi nisioujua, na kila moja imetiwa herufi, hii ya kushoto na hii ya kulia. Zeleke aliigeuza moja ndani nje, akapitisha kidole gumba, akarudia. Hakupata mshono.

"Gadisa, aliyefuma hii ana akili," akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Alizifua mwenyewe, akazianika kivulini, hakuniruhusu hata kuzikamua. Jumanne alivaa yeye, Alhamisi nikavaa mimi. Siku nyingine tulivaa za pamba za sokoni, zinazonyonya jasho na kubaki nzito kama kitambaa cha deki.

Kisha Kocha akatuambia nafasi ya kwenda Ulaya ni moja. Jumamosi tungekimbia kilomita arobaini kwenye lami ya Sendafa, na kati yangu na Zeleke atakayetangulia kufika ndiye atakayepanda ndege. Miezi saba, na kabla yake miaka sita ya kulala njaa, yote ilikuwa imekuja kusimama hapo.

Alfajiri ya Jumamosi tukabaki tunazitazama soksi. Haikuwa zamu ya mtu.

"Vaa wewe," nikasema, kwa mdomo tu.

"Nani, mimi? Ili uniseme maisha yako yote? Kila mtu moja, basi. Chagua, wewe ndiye mkubwa."

Nilikuwa nimemzidi miaka miwili. Na nilijua, maana tulilala kitanda kimoja, kwamba kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kimechubuka tangu mvua zianze, na kila jioni alikipaka mafuta ya taa. Mguu wangu wa kushoto haukuwa na kitu.

"Wa kushoto unanisumbua," nikasema, nikachukua ya kushoto.

Alitazama mguu wangu, akatazama wake. Akavaa ya pamba mguu wa kushoto.

Mvua ilitukuta kilomita ya kumi na mbili. Maji yalijaa barabarani na hapakuwa na pa kuyakwepa. Tulipofika ya ishirini na nane ikawa zamu ya Zeleke kuongoza, mimi nyuma yake, macho miguuni pake kama tulivyofundishwa. Karibu na ya thelathini niliona kitambaa cha kiatu chake cha kushoto kimeanza kuwa chekundu. Kwanza kwenye kidole kidogo, halafu ubavu mzima wa kiatu.

Ningesema neno moja, angesimama. Kocha alikuwa ndani ya basi nyuma yetu, angemfunga bandeji, pengine angetupangia siku nyingine. Sikusema. Nilimfuata kilomita nane nikiitazama damu ile, nikihesabu muda aliobakiza. Kwenye ya thelathini na nane akaanza kuchechemea, nikampita. Nilimtangulia kwa nusu dakika.

Jioni alivua soksi ya pamba ikatoka na ngozi. Alinikataza nisimwambie Kocha, kwa sababu kulikuwa na mbio nyingine baada ya miezi mitatu, na majeruhi huondolewa kundini. Badala ya zahanati akaenda kwenye maji ya baraka ya kanisa kule mlimani Entoto, asubuhi saba mfululizo, kama wakimbiaji wengi wafanyavyo. Pale huingii na viatu. Alikanyaga tope na kidonda wazi, na mimi, mshindi, nilikuwa nimesimama kando nimemshikia viatu. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie twende kwa daktari. Lakini daktari angeuliza kidonda kimeanzaje. Niliogopa swali hilo zaidi ya kidonda chenyewe, na hilo ndilo jambo ninalolionea aibu kupita yote.

Siku ya kumi na moja mguu ukavimba hadi gotini, na harufu ikajaa chumbani. Hospitali waliukata juu ya kifundo. Baada ya wiki moja wakaukata tena, juu zaidi.

Nilikwenda kumuaga siku moja kabla ya safari. Alikuwa amekonda, shuka imelala bapa pale ulipopaswa kuwa mguu.

"Baba amesema nirudi nyumbani," akaniambia. "Nirudi nikafanye nini? Vijiti vya kufumia vinakanyagwa kwa miguu miwili."

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa soksi ya kulia. Ilikuwa imefuliwa, imekunjwa.

"Chukua. Mtu hawezi kwenda kukimbia na soksi moja."

"Zeleke, ndugu yangu, ile siku Sendafa..."

"Najua uliona," akasema. "Kilomita ya thelathini. Hatua zako zilikuwa zinakwenda na zangu, zikapotea kidogo, halafu zikarudi. Nikajua ameona, sasa atasema." Akageuza uso ukutani. "Nilingoja kweli, Gadisa. Nilingoja mpaka uliponipita."

Niliichukua ile soksi, na mpaka leo sijui kwa nini niliichukua.

Huko Ulaya nilikimbia kilomita zote arobaini na mbili, nikawa wa tisa. Nilipovua soksi, miguu yangu yote miwili ilikuwa safi, hata lengelenge moja hakuna. Nilikaa kwenye ubao wa chumba cha kubadilishia nguo nikaitazama miguu hiyo na kulia, na mzungu mmoja akanipigapiga begani akidhani ni furaha.

Kesho yake niliingia dukani, nikapitisha kidole gumba kwenye soksi nyingi hadi nikapata isiyo na mshono. Nikamwonyesha muuzaji kwa ishara kwamba nataka moja tu, ya kulia. Alicheka, akanifungia pea.

Nyumbani niligawa nilivyokuja navyo, kofia na fulana, kila mtu na chake. Kisha nikasafiri siku mbili hadi Chencha. Nilimkuta Zeleke amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya baba yake, anasokota pamba pamoja na wanawake, kazi ambayo kwao mwanamume haifanyi. Kwenye shimo la kufumia alikuwa amekaa mdogo wake.

Nilimpa soksi. Aliigeuza ndani nje, akafumba macho, akapitisha kidole gumba taratibu.

"Hii nzuri," akasema.

Hakuniuliza ya pili iko wapi.