Nilivyoweka OS tatu kwenye laptop moja ili mashine ya kudarizi ya mama mkwe ifanye kazi

Wakuu, habari za muda huu.

Naandika nikiwa Lushoto, ukweni, blanketi begani maana baridi ya huku haina utani. Sitaongeza chumvi, kilichotokea kinatosha. Wataalamu wa Linux mtacheka sehemu fulani, chekeni tu.

Mimi ni mtoto wa wachuma chai wa Kwamkoro, wazee wangu walitoka Singida kufuata kazi. Nimeoa Mshambaa. Mama mkwe anadarizi, na kwaya ya usharika ilimpa sare zote aziwekee nembo kifuani kabla ya Jumapili ya mavuno. Kazi hiyo ilimezewa mate na mafundi wengi wa mjini.

Kompyuta yake ya zamani ikafa. Mchoro wa nembo upo kwenye flash, lakini program ya kuutuma kwenye mashine ni ya enzi za Windows XP.

Ndipo nikaitwa mimi na laptop yetu mpya.

Imekuja na Windows 11. Mke wangu ni mwalimu, anaitumia kwa kazi za shule. Program ikagoma. Driver ikagoma. Compatibility mode nimejaribu zote, wapi!

Shemeji akashauri sare zirudishwe, kwaya itafute fundi mwingine. Mama akaanza kuzikunja moja moja. Iliniuma sana. Nikasema hizi sare hazitoki humu ndani bila nembo.

Mpango ukawa huu: napunguza partition ya Windows, naweka Ubuntu (ndiyo Linux yenyewe) pembeni, halafu ndani ya Ubuntu naweka VM ya XP, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta. Mtakaouliza kwa nini VM isikae humo humo kwenye Windows 11, nilianza na hiyo, USB ikawa inakatika kila mara. Na sifichi, Ubuntu nilikuwa naitamani siku nyingi, nikapata sababu.

Angalizo kabla hujagusa disk. Nilihamisha kazi zote za mke wangu kwenye external, nika-suspend BitLocker, lile kufuli la disk, recovery key nikaiandika pembeni, na Fast Startup nikaizima. Ukiruka hapa unaweza kuombwa namba ndefu usiyoijua, halafu uanze kumweleza mwenye mitihani yake humo.

Ubuntu ikakaa vizuri. CD ya XP ya ile kompyuta marehemu niliigeuza faili la ISO kwa jamaa wa stationery, maana laptop za siku hizi hazina pa kuiingiza. VM ikawaka, program ya mama ikakubali humo.

Mashine ya kudarizi haionekani.

Nikahangaika weee, kumbe user wangu hayumo kwenye group ya vboxusers, wanaoruhusiwa kupeleka USB kwenye VM. Nikajiongeza, nika-restart, ikaonekana. Halafu ikapotea. Mashine ile ina tabia yake: lazima ushikilie kitufe huku unaiwasha, na hapo hapo VM iikamate kabla Ubuntu haijaiwahi. Yaani mtu mmoja kwenye mashine, mwingine kwenye laptop, kwa wakati mmoja. Na mashine hiyo haiguswi na mtu ila mama mwenyewe.

Sasa niwaeleze la ukweni. Mimi na mama mkwe ni shikamoo, marahaba, basi. Hatukai karibu. Kila neno linapita kwa mke wangu. Mama anasema kwa Kishambaa, mke ananitafsiria, najibu, anarudisha. Tuko chumba kimoja, wakuu, na mke wangu katikati kama router.

Ujumbe ukifika, VM imeshachelewa. Tukarudia. Ikachelewa. Tukarudia tena. Mama akaanza kuangalia zile sare zilizokunjwa.

Nikaona hapa nikiendelea kuona haya, kazi inaondoka. Nikainamisha kichwa nikasema, "Mama, naomba uwashe sasa."

Mke wangu aliniangalia kama nimevua shati kanisani.

Mama akashika kitufe, akawasha. Nikabonyeza. VM ikaikamata, mchoro ukaingia, sindano ikaanza kushuka kwenye kitambaa. Nilitamani kupiga kelele ila nilikuwa ukweni.

Alitazama hadi mstari wa kwanza wa nembo ulipotimia. Kisha akasema kwa Kiswahili, bila kunitazama, "Mkwe, sogeza kiti. Ikikatika nitakwambia mwenyewe."

Nikasogea. Si sana, adabu ni adabu. Mke wangu akaenda kupika, na nadhani alifurahi kupumzishwa.

Somo nililopata: kifaa cha zamani kipe OS yake ya zamani, usibishane na Windows 11. Backup kwanza, ujuzi baadaye. Na heshima nilidhani inataka ninyamaze, kumbe mama alikuwa anasubiri aambiwe tu afanye nini.

Aliyewahi kuunganisha mashine za namna hii bila VM atuelekeze. Na wenye wakwe, mlivukaje hapo?

Nitajibu comments baadaye kidogo, nembo inayofuata iko tayari na kuna mtu anaita. Anaita jina langu, si la mke wangu.