Mbuzi wa Mwisho Kuvuka

Niliondoka Kibirichia kwa sababu ya simu ya Mwalimu Njeru. Tulisoma naye chuo kimoja. Yeye anafundisha Mbeere, huko chini Embu kwenye jua kali, nami huku juu kwenye viazi na baridi. Aliniambia Nyaga, mwanafunzi wake, amegongwa na pikapu ya muguka, yale majani ya kutafuna yanayokimbizwa sokoni, akivusha mbuzi. Mguu ulikuwa umevunjika, na sasa dada yake mdogo, Wawira, ndiye aliyeachiwa mifugo.

"Njoo uwafundishe ile hesabu yako ya mwendo," Njeru akasema. "Mimi nawaambia tu wajichunge, lakini hawajui hiyo gari inakuja haraka aje."

Hesabu yangu ina sifa kidogo kwetu. Nabiringisha viazi mteremkoni, watoto wanapima umbali kwa kamba na muda kwa saa ya simu, kisha wanagawanya. Nikajaza mfuko wa viazi, nikapanda lori la wakulima alfajiri.

Chuka tulisimama kunywa chai. Tulipovuka mto Thuchi nilivua sweta, na Embu mjini, Njeru aliponipokea kwa pikipiki yake, nilitamani kuvua na viatu. Usiku huo mkewe alitupikia chakula kizuri sana. Asubuhi nilipoulizia vifaa vyangu vya kufundishia, nikaambiwa tumeshavila.

Basi tukaenda bila viazi. Lami pale ni mpya, nyoofu kutoka kona hadi kwenye njia ya mbuzi, na madereva wa muguka wameipenda. Tuliwapanga watoto nyuma ya mtaro, tukapima mita mia mbili kutoka mti wa mukau hadi kibao cha kanisa. Pikapu ikapita kwa sekunde nane. Watoto wakagawanya: mita ishirini na tano kila sekunde. Mmoja akasema hapo ni kutoka mlango wa darasa hadi chooni, wenzake wakacheka, halafu wakageuka kuitazama barabara.

Barabara ilipokuwa tupu, Njeru akiangalia huku na huku, Wawira alivuka kwa sekunde sita. Tukazidisha, tukapata mita mia moja na hamsini. Tukaweka jiwe jeupe mbele kidogo ya hapo: gari likiwa bado halijafika kwenye jiwe, vuka, likifika, ngoja. Nilijipangusa vumbi nikiwa nimeridhika kabisa.

Wawira alibaki akilitazama lile jiwe.

"Madam, hiyo ni ya mimi peke yangu," akasema. "Mimi navuka nyuma ya mbuzi. Ya kwanza ikiingia barabara, hizo zingine hazingoji. Hata Nyaga alikuwa nyuma."

Nilihisi aibu. Kule mchungaji hutembea nyuma ya kundi, asije akamwacha mbuzi kilema au mtoto wa mbuzi. Nami nilikuwa nimempimia mtoto asiye na mbuzi, na kumwachia jiwe ambalo lingemuua.

Jioni tulipima upya, Wawira akivusha kundi, Njeru na mimi tukilinda barabara kila upande. Kutoka mbuzi wa kwanza kukanyaga lami hadi Wawira kufika ng'ambo zilipita sekunde ishirini na nne. Hiyo ni mita mia sita, na kona iko mita mia tatu tu. Hapakuwa na mahali pa kuweka jiwe. Kivuko chenyewe ndicho kilichokuwa kibaya.

Tukaenda kwa baba yake kumwomba mbuzi wavukie kilimani. Alituambia kwa upole kwamba juu kilimani, panapoonekana pande zote mbili, ni kuzunguka mno, na mbuzi wamezoea pale pale. Wawira akachukua kijiti, akamwandikia hesabu vumbini, taratibu, mpaka kwenye kona. Mzee aliifuata kwa kidole mstari kwa mstari.

"Haya," akasema. "Ni huko juu."

Siku ya kuondoka, gari lililopatikana lilikuwa, kumbe, pikapu ya muguka. Nilimwomba dereva apunguze mwendo. "Madam, hii kitu ikinyauka imekwisha," akanijibu, lakini akapunguza kidogo. Kutoka kwenye kona nilianza kuhesabu kimoyomoyo. Tulipita njia ya zamani ya mbuzi kabla sijafika ishirini, na kundi lilihitaji ishirini na nne. Nilikuwa nimekuja nikidhani mwendo ni habari ya gari. Sasa najua kwanza uulize ni nani anayevuka, na nani yuko nyuma yake.

Kilimani Wawira alikuwa kando ya lami, amemshika pembe beberu anayetangulia kundi. Tukapita. Nikageuka, nikatazama kupitia kioo cha nyuma: akatazama huku, akatazama kule, akamwachilia beberu, akangoja hadi mbuzi wa mwisho ndipo akafuata. Nikainua mkono nimpungie, kisha nikaushusha. Sikutaka aniangalie mimi.