Isale la Gereji

Kuogelea nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili na mwalimu wa darasa la watoto sitini, huku nimefungwa kamba ya kuanikia nguo kiunoni. Aliyeshika ncha ya pili ya kamba alikuwa rafiki yangu Singasinga, mwenye gereji mjini Moshi, ambaye mji mzima ulimwita Fundi. Juu ya mzizi wa mtini, akila ndizi za kuchoma na kutucheka sote wawili, alikaa rafiki yetu wa tatu, mkulima wa kahawa wa Old Moshi, jirani yangu tangu utotoni.

Chemchemi hiyo iko Rundugai, kule chini tambarare ambako sisi wa mlimani tulizoea kutazama kwa mbali tu na kuwahurumia wanaoishi huko. Katikati ya vumbi kuna maji mazuri, ya samawati, unaona mpaka mchanga wa chini. Watu huyaita Maji Moto ingawa hayana moto wowote. Mimi niliyaogopa. Maji niliyokulia nayo ni ya mfongo, mfereji wetu wa kunyweshea migomba, na yale hayavuki goti. Maji ya kumfunika mtu mzima niliyaona kuwa ni jambo la watu wa mabondeni.

Wazo lilikuwa la Fundi. Ilikuwa miaka ile mipaka imefunguliwa, na kila kitu kilichochokwa Ulaya kinaishia kwenye mafungu ya mitumba pale soko la Memorial. Siku moja alirudi na baiskeli tatu za mashindano, zile za matairi membamba na usukani uliopinda, zote mbovu. Akazitengeneza jioni baada ya kazi, kisha akatuita. Alikuwa amesikia kwa mteja wake kwamba Tanga kutakuwa na mashindano ya michezo mitatu kwa mpigo: unaogelea baharini karibu kilomita mbili, unapanda baiskeli kilomita tisini, halafu unashuka na kukimbia nyingine ishirini na moja. Nilimuuliza ni kosa gani watu hao wamefanya.

Lakini alikuwa na sababu. Kaka yake aliyehamia ng'ambo alikuwa amemshughulikia karatasi, yeye na mama yao, na mwaka ukigeuka wangeondoka. Familia nyingi za Wahindi pale mjini zilikuwa zinaondoka hivyo hivyo, moja moja, bila makelele. Alisema hataki kuondoka kama mtu anayefunga duka. Alitaka kwanza afanye jambo moja gumu katika nchi hii, na alifanye pamoja nasi. Nikasema sawa.

Tukagawana kufundishana. Fundi alijua kuogelea tangu utotoni, mkulima alijua kukimbia, na mimi, niliyekuwa nikienda kazini kwa baiskeli kila siku kutoka Shirimatunda, nikapewa baiskeli. Jumapili baada ya misa na ibada niliwaongoza hadi Boma Ng'ombe, tukapanda mpaka Sanya Juu, tukanywa chai ya maziwa sokoni na kurudi. Asubuhi za katikati ya wiki mkulima alitukimbiza milimani kwetu, na hapo ndipo Fundi alipoteseka. Alikuwa mtu wa mwili, na mlima haubembelezi. Akifika kwenye kona ya kihamba cha mama yangu, shamba letu la ukoo, alikuwa ameshika mti wa kahawa kwa mikono miwili, anahema. Mama alimletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu na kumpa pole kwa Kichagga, naye akajibu kwa Kichagga hicho hicho cha sokoni alichokiokota utotoni. Mkulima alimwita Mangi, yaani chifu. Alikuwa akimtania, na alikuwa anamaanisha.

Jumamosi zilikuwa za Rundugai na kamba. Kila nikiingia majini niliuliza, "Umeshika?" Naye alijibu kwamba ameshika. Basi nikarusha mikono. Baada ya miezi miwili nikawa navuka ng'ambo na kurudi, navuka na kurudi, na nikaanza kujiona mtu.

Jumamosi moja nilifika ng'ambo vizuri kuliko siku zote, nikageuka nimwonyeshe. Kamba ilikuwa inaelea nyuma yangu na mwisho wake haukuwa na mtu. Fundi alikuwa amesimama ukingoni amekunja mikono, anatabasamu ndani ya ndevu zake. Pale pale mwili ukasahau kila kitu. Nilizama, nikanywa maji, nikaona mwanga wa juu unasogea mbali. Mkulima alijitupa na nguo zake na kunivuta kwa blauzi mpaka kwenye mizizi.

Nilipomaliza kukohoa Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yangu, maneno yanamtoka haraka. Akasema hakuishika kamba ile kwa Jumamosi tatu. Akasema nimekuwa nikiogelea mwenyewe muda wote huo, na alikuwa anangoja nigundue. Leo najua kwamba alikuwa amenipa zawadi. Siku ile niliona nimefanywa mjinga mbele ya wanawake wa Rundugai waliokuwa wakifua, nikaona kwamba mtu niliyemkabidhi roho yangu alikuwa akinidanganya kila nikiuliza. Nilimrushia miwani ya kuogelea usoni, nikapanda baiskeli na nguo zangu mbichi, nikarudi Shirimatunda peke yangu kwenye jua la mchana. Hasira ilinisukuma vizuri kuliko mazoezi yote.

Jumatatu jioni nilikuwa barazani nasahihisha madaftari. Fundi aliingia kwa miguu, vumbi jekundu mpaka magotini, ameshika isale kwa mikono miwili.

Asiyetoka kwetu huenda hajui isale. Ni mmea wa majani marefu ya kijani, tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Lakini pia mtu akikukosea, hukata chipukizi lake, jani likafungwa fundo, akaja nalo kwako bila maneno mengi. Isale ukiletewa unapokea. Haki yako unaweza kuidai baadaye, lakini kupokea unapokea. Nimewaona wazee walioapa kutosemezana wakipokea huku wametazama pembeni, lakini wakipokea.

Mimi sikupokea. Nilimtazama pale, kilemba chake kimelegea kwa jasho, nikatafuta neno litakaloingia ndani kabisa, na nikalipata.

"Hiyo si mila yako, Fundi," nikamwambia. "Usiichezee."

Alishusha mikono. Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu," akageuka na isale lake na kuondoka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nawafundisha watoto methali hiyo kila mwaka. Babu yake alipokufa alichomwa Moshi kwa desturi ya Masingasinga, baba yake alichomwa Moshi, na majivu yao yalishuka na mto uleule unaotoka kwetu mlimani. Nilijua hayo yote wakati nasema. Ndiyo sababu nilisema.

Wiki mbili zikapita bila mazoezi. Nilijiambia kwamba sina kosa, na kila nilipojiambia hivyo ndivyo nilivyozidi kuwachapa watoto kwa makosa madogo. Ndipo mkulima akaja, akakaa kwenye ngazi, akakataa chai, na Mchagga akikataa chai ujue pana jambo. Alisema yeye peke yake haendi Tanga. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Mwezi wa pili anaondoka. Katika hii nchi nzima, cha kuondoka nacho ni lile neno lako."

Usiku wa siku ile sikulala vizuri, na asubuhi ya Jumamosi nikapanda Old Moshi kwa mama. Nilimwamkia, nikakaa jikoni, nikamenya ndizi zake nusu mkungu kabla ya kupata ujasiri. Hatimaye nikamwambia ninahitaji isale, kuna mtu nimemkosea. Sikusema ni nani. Mama aliendelea kukoroga chungu.

"Ni yule Singasinga," akasema. "Lile isale nilimkatia mimi, pale mpakani. Alipanda mlima huu wote kwa miguu kuja kuniuliza linaombwaje. Fundo nililifunga kwa mkono huu, kwa sababu yeye hakujua. Ulilikataa la kwangu."

Sikujua pa kuweka macho. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena maishani. Niliomba anikatie lingine, niombe radhi kwa wote wawili. Mama akasema hana lingine la kunipa, lile la kwanza halijamaliza kazi yake. Niende hivyo hivyo.

Basi nikashuka mjini mikono mitupu. Gereji ilikuwa wazi nusu, vitu vingi vimeshafungwa kwenye maboksi. Mama yake Fundi alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele kwenye sinia. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kwa kidevu. Fundi alikuwa chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikakaa juu ya tairi na kuanza kusema na ile miguu. Nadhani kama ningeuona uso wake nisingeweza.

"Fundi, nilikuambia neno baya na nilijua ni baya. Hapa ni kwenu kama palivyo kwetu. Nimekuja bila isale. Mama amekataa kunipa."

Spana iliacha kugonga. Kisha akajivuta akatoka, mgongo umejaa oili, akakaa chini kunitazama.

"Mama yako aliniambia una kichwa kigumu," akasema. "Alisema ukilikataa, nisilitupe."

Akaenda nyuma ya gereji, akarudi amebeba kopo la rangi. Mama yake alikuwa amelichomeka lile chipukizi humo na kulimwagilia, maana hakuvumilia kuona kitu kibichi kinakufa, na lilikuwa limeshika mizizi. Fundo la mama yangu lilikuwa bado lipo kwenye jani. Fundi akanyoosha kopo kwa mikono miwili kama alivyofanya barazani kwangu. Safari hii nilipokea kwa mikono yote miwili, nikalia machozi ya wazi hapo gereji mbele ya wateja, na wala sikujifuta. Yeye naye akalia, akasingizia oili.

Tanga tulikwenda. Kuhusu mashindano yenyewe sina mengi, maana tulifanya vibaya mno. Tulikuwa tumejifunza kukimbia kwenye baridi ya mlimani na kuogelea kwenye maji tulivu ya chemchemi, kisha tukapelekwa kwenye bahari yenye mawimbi na barabara iliyonyooka chini ya jua kali. Mkulima alilalamika njia nzima kwamba nchi haina hata kimlima kimoja cha kupumzishia miguu. Pale ufukweni, kabla ya filimbi, Fundi aliniambia leo hakuna kamba. Nikamwambia najua. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikaingia. Angeweza kuwa kati ya watu kumi wa kwanza kutoka majini. Lakini kila nilipogeuza uso kuvuta pumzi nilikiona kichwa chake upande wangu wa kulia, kinangoja, mpaka mchanga ukagusa magoti yangu. Tulimaliza sote watatu kwa pamoja, jioni, wakati waandaaji wanakunja meza. Tulipewa machungwa yaliyobaki, na sijala machungwa matamu kama yale.

Mwezi wa pili ulipofika nililibeba lile kopo kutoka Shirimatunda mpaka gerejini, siku moja kabla ya safari yao. Nilichimba shimo kando ya geti kwa jembe la kuazima. Fundi akaniuliza kwa nini nalipanda pale, na mahali penyewe pameshauzwa. Nikamwambia isale hupandwa mpakani. Akaenda kuchota maji, akalimwagilia mwenyewe.

Sasa pale ni duka la vigae. Mwenye duka ni kijana mstaarabu, amekuja Moshi juzi juzi kwa biashara, na isale limekuwa kichaka kizima kinachozidi kimo changu. Mwezi uliopita alitaka kupanua geti malori yapite. Majirani wakamwambia asiguse kwanza, kuna mwalimu mstaafu huja kulipogolea majani, amuulize yeye. Akanipigia simu kwa adabu sana. Nilikwenda, nikamwambia kwamba geti alipanue kwa upande wa pili, isale hili haling'olewi, lina mwenyewe.

Akaniuliza mwenyewe ni nani.

Nikamwambia ni mtu wa hapa, yuko safarini.