Mwanangu Aliniachia Matumbawe, Nikayatia Chumvi ya Ngamia

Nyinyi vijana mnaopata uhamisho wa kazi, halafu mnamwachia mama mzee kiumbe ambacho hamkumfundisha kukichunga, mna adabu gani? Mnabandika karatasi ukutani, mnapanda gari, mmeenda. Karatasi inasema fanya hivi, usifanye vile. Kwa nini? Haisemi. Nimeanza na nyinyi kwa sababu nimechoka, na kwa sababu mmoja wenu nimemzaa mwenyewe.

Admin, ficha jina langu ila maneno yangu usiyaguse. Mimi ni nyanya wa miaka sabini na kidogo, naishi Garissa. Shule niliiona kwa nje, herufi nilifundishwa na watoto wangu. Kiswahili changu nilikiokota sokoni nikiuza maziwa, na kinatosha kumgombeza mtu. Zamani nilikuwa na ngamia wangu upande wa Tarbaj, mpaka ukame ukawamaliza. Hata hivyo katika maisha yangu sijawahi kupoteza mnyama wa amana. Wangu walikufa. Wa watu niliwarudisha.

Kitinda mimba wangu alisoma pwani, akarudi na mapenzi ya bahari. Akaweka tangi la kioo sebuleni kwangu, refu kama kitanda cha mtoto, maji ya chumvi ndani, taa ya buluu juu, pampu inakoroma mchana kutwa. Ndani akapanga vijiwe. Nikamwuliza, "Waryaa, wewe kijana, mawe ya Garissa yameisha, ndiyo umeenda kununua mengine?"

Akacheka. "Hooyo, mama yangu, haya si mawe, ni matumbawe. Ni wanyama wadogo wamekaa pamoja. Wanakula, wanakua, na wanakufa."

Angeniambia ni mawe, leo nisingekuwa na kesi.

Walikuwa kumi na mmoja. Mmoja kijani kama majani baada ya mvua ya kwanza, mwingine zambarau, mwingine rangi ya chungwa, taa ikiwaka anafungua vidole vyake kama mtoto anayeomba. Nilisema siwataki. Lakini kila asubuhi nikitoka kuswali nilikuwa nawahesabu, kama mtu anayefungua zizi.

Alipohamishiwa Mandera nikamwambia auze. Akanitazama. "Nikiuza, hooyo, wewe utabaki kuchunga nini?" Hapo aliniweza.

Karatasi yake ilisema hivi: feni ya kupoza maji isizimwe, na maji yakipungua kwa joto niongeze maji matamu yaliyochujwa mpaka kwenye mstari. Nikafanya. Kisha likaja lile joto mnalolijua, na stima ikapotea siku mbili. Feni ikalala. Nilipepea lile tangi kwa kipande cha boksi mpaka mkono ukafa ganzi. Siku ya tatu stima ikarudi, na wanyama wangu walikuwa weupe. Weupe kama mfupa.

Sasa wewe mfugaji unayesoma hapa, ngamia akipauka na kukataa malisho, unampa nini? Si unampa chumvi? Na hawa si walizaliwa ndani ya chumvi? Nikaenda soko la mifugo, nikanunua mabonge ya chumvi ya ngamia, nikasaga. Konzi moja asubuhi, konzi moja jioni. Nilisoma bismillahi kila mara. Siku ya nne maji yakawa na utelezi na harufu, na yule wa kijani akajikunja, hakufunguka tena.

Nikamwita jirani yangu, binti anayefundisha sayansi sekondari. Akapima maji kwa kifaa cha kupimia chumvi alichoacha mwanangu, akakaa chini. "Ayeeyo, nyanya yangu, umetia nini?" Nikamwambia. "Ayeeyo, joto linakausha maji, halikaushi chumvi. Chumvi yote inabaki humo ndani. Ndiyo maana alikwambia maji matamu. Na weupe haukuwa kifo. Maji yakipoa mapema, wengine hupona na kurudisha rangi."

Hayo maneno ya mwisho afadhali asingeniambia. Alinisaidia kubadilisha maji pole pole, siku nyingi. Wamebaki watatu.

Aibu yenyewe ni hii. Mwanangu hupiga simu ya video kila jioni. Mwezi mzima nimekuwa nikielekeza simu kwenye kona moja tu, wanapokaa wale watatu. Anafurahi. "Hooyo, umewatunza kuliko mimi!" Juzi akaniambia amenisifu ofisini, na mwenzake anayehamishwa anataka kuniletea tangi lake pia, kubwa zaidi. Nikasema inshallah. Mimi, mzee wa kuswali, nikasema inshallah nikiwa bado nimeielekeza simu kwenye ile kona.

Kwetu mnyama wa amana akifa mikononi mwako, mwenye mnyama humpelekei hadithi. Unampelekea ngozi yenye alama yake, aione. Hawa hawana ngozi. Nimekusanya mifupa yao minane, nimeiosha, nimeifunika kwenye karai chini ya kitanda. Kila nikilala najua nimelala juu yao.

Basi nyinyi maelfu mnaosoma, msinitumie pole, pole ninazo. Semeni: mama amwambieje mwanawe kwamba amemdanganya, na yeye ndiye aliyemfundisha kusema kweli?

Na wewe uliye Mandera, ukurasa huu ulinionyesha wewe mwenyewe, kwa hiyo unasoma, na umeshajua ni nani. Mpigie mwenzako sasa hivi, tangi lake lisiletwe kwangu. Kisha njoo Ijumaa, wewe mwenyewe, usitume mtu. Toa karai chini ya kitanda, hesabu minane yako kwa mkono wako. Halafu kaa hapa chini unifundishe kuwachunga hawa watatu, kwa mdomo. Hiyo karatasi nimeibandua.