Mwalimu Onyesha na Kikao cha Ukoo

Enzi zetu, sisi tulioanza darasa la kwanza wakati malori ya wanajeshi yakipita kuelekea vitani Kagera, riwaya ya Kiingereza ilikuwa moja kwa darasa zima. Haikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikwisha kuozeshwa na mvua, kwa hiyo hadi leo sijui shujaa wetu alizaliwaje. Tulimkuta tayari mtu mzima, ana ndevu na ana hasira. Tulikisoma kitabu hicho kwa zamu, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na aliyekuwa nacho Jumamosi alionekana mtu mkubwa kidogo kuliko wengine.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, pale sekondari Muleba, tulimwita Mwalimu Onyesha. Alikuwa mfupi, suruali kaipandisha hadi juu ya kitovu, na Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi ya kwetu kabisa. Ukisimama ukasema mhusika huyu ni mkarimu, hakukusifu wala kukukosoa. Aliinua kidole na kusema, "Onyesha ni wapi." Hapo ulipekua kurasa huku jasho likikutoka. Na usije ukamsomea maneno ya mhusika mwenyewe. "Kila mtu hujisifu," alisema. "Mimi nataka alichotenda."

Ugonjwa huo ulituingia wote. Tulichambua kila kilichopita mbele yetu. Mpishi wa shule tulikubaliana kwamba ni mhusika bapa, kwa kuwa tangu tulipomjua hakuwahi kubadilika: maharage yaleyale, wadudu walewale. Mlezi wa bweni la wasichana alikuwa mhusika duara, leo anacheka, kesho anakufukuza na ufagio. Hata padre hakupona. Mahubiri yake tuliyatafutia dhamira kuu na dhamira ndogondogo tukiwa tumekaa kwenye mabenchi tumefumba macho, na watu wazima wakidhani tunasali.

Katika riwaya ile kulikuwa na mgonjwa, Mzungu wa nchi ya theluji, aliyekonda polepole hadi akafa. Mwalimu alipouliza aliugua nini, darasa zima tulijibu kwa sauti moja: Juliana. Ndivyo tulivyouita UKIMWI siku zile. Mwalimu akainua kidole chake. Tukamwonyesha: hapa amekonda, hapa anakohoa, hapa majirani wameacha kuja. Akasema kitabu kile kiliandikwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Lakini alama alitupa, na mimi nilimpenda tangu siku hiyo.

Nyumbani kwetu Ngenge nililelewa na bibi, mama yake baba. Baba alikwisha kufariki, na mama alikuwa kitandani. Nikirudi likizo, bibi alikaa mlangoni akimenya ndizi, nami nikamsimulia riwaya kwa Kihaya. Hakujua kusoma, na aliwachukulia wale watu kama majirani wa kijiji cha pili. Alimhurumia sana mjane wa kitabuni. Siku moja aliniuliza kama kuna mtu aliyempelekea hata mkungu mmoja wa ndizi. Nikimwambia fulani ni mtu mwema, naye alikwisha kuambukizwa na Mwalimu: alinyoosha kisu cha kumenyea na kusema, "Wapi?"

Mama akafa nikiwa kidato cha tatu. Sitaki kuyaeleza sana hayo. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa, kama ilivyo desturi, kuamua nani anachukua nini na nani anamchukua nani. Majani mabichi yalitandazwa sakafuni, na bibi akapitisha kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa amekuja kutoka kisiwani Goziba alikofanya biashara ya samaki. Alivaa miwani ya jua humo humo ndani.

"Huyu Koku namchukua mimi," alisema, akinielekezea kidevu. "Atawapikia wavuvi wangu kambini. Nampenda kama mwanangu wa kumzaa."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Sote tulijua wasichana waliokwenda visiwani walirudi vipi, na shule yangu ilikuwa inaishia pale.

Bibi alimgeukia mwanawe. "Unampenda," alisema taratibu. "Onyesha ni wapi."

"Mama, nimeshasema."

"Hayo ni maneno yako mwenyewe, hayakubaliki. Mama yake nimemgeuza kitandani na kumwogesha, na huyu mtoto alikuwa anashika taa. Wewe ulifanya nini? Onyesha."

Baba mdogo akavua miwani. Akafikiri. "Nilileta sangara."

"Ulimleta mazishini," mzee wa ukoo akasema, "na tumemla sisi." Kikao kizima kikaangua kicheko, hata baba mdogo akacheka, akijikuna shingo. Ikaamuliwa nibaki kwa bibi na nimalize masomo.

Na baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Likizo iliyofuata alishuka kutoka kwenye boti na gunia la dagaa kwa ajili ya ada na mboga, akalitua mlangoni akihema. "Mama, hapa je?"

"Hapo tunaanza kuona," bibi akajibu, bila kuacha kumenya.

Leo naishi Bukoba mjini na mwanangu yuko kidato cha tatu. Riwaya anayo nzima, ina jalada na kurasa zote, lakini haifungui. Uchambuzi anaupata kwenye simu, umeshatafunwa tayari, yeye kazi yake kumeza. Juzi alinisomea kwamba mhusika mkuu ana upendo wa dhati. Nikamwambia aonyeshe ni wapi. Akaipekua simu juu chini, akaniambia mtandao uko chini.

Nilicheka, kisha nikamkumbuka bibi. Hakuwahi kunitamkia kwamba ananipenda, hata siku aliyofariki. Lakini Mwalimu Onyesha angeniinulia kidole sasa hivi, nisingepekua chochote. Ningempeleka Ngenge, nimsimamishe pale penye majani, kati ya kikapu cha kahawa na mlango wa jikoni, nimwambie: hapa.